Taya Likiteguka: Al-Zahrawi na Waliomfuata



Ndugu wasomaji, wapo watu ambao wakipiga mwayo mkubwa taya linateguka, mdomo unabaki wazi na hawawezi kuufunga. Maradhi haya si mapya. Maandishi ya Misri ya yapata miaka 1600 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.) yanamwelekeza tabibu aingize vidole gumba kinywani, vingine aviweke chini ya kidevu, kisha alirudishe taya mahali pake.

Kwa upande wetu Waislamu, aliyelifundisha jambo hili vizuri ni Abu al-Qasim al-Zahrawi, aliyezaliwa mwaka 936 karibu na Cordoba, Andalusi, na kufariki 1013. Kitabu chake, At-Tasrif, kina sehemu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji. Humo anaeleza kwamba msaidizi akishike kichwa cha mgonjwa, tabibu aingize kidole gumba kama limeteguka upande mmoja, au vyote viwili kama ni pande zote. Likikataa, kwanza likandwe kwa maji ya moto na mafuta hadi lilegee. Likisharudi, mgonjwa afungwe bandeji, ale chakula laini, na hata maumivu yakiisha ajihadhari anapofungua kinywa kula na kupiga miayo. Hakulichukulia jambo hili kwa wepesi: alionya kwamba taya lisiporudishwa huleta homa na maumivu ya kichwa, na mara nyingi mgonjwa hufa.

Hapo utakumbuka kuwa Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuuzuia mwayo kadiri tuwezavyo. Sisemi hadithi ilikuja kwa ajili ya taya. Adabu ni adabu. Lakini faida yake mwilini ipo.

Karne ya 12 Gerard wa Cremona alitafsiri sehemu hiyo ya upasuaji kwa Kilatini mjini Toledo, na Ulaya ikaisoma kwa karne nyingi.

Maumivu ya kiungo chenyewe, yale ya taya kulialia na kukaza bila kuteguka, yalichelewa kueleweka. Mwaka 1934 daktari wa masikio wa Marekani, James Costen, aliona wagonjwa wenye maumivu ya sikio na kizunguzungu, akasema sababu ni kung'oka meno ya nyuma, taya likarudi nyuma na kubana neva. Wataalamu wa maumbile ya mwili walilikataa elezo hilo baadaye, na mwaka 1969 Daniel Laskin alionyesha kwamba mara nyingi tatizo liko kwenye misuli iliyochoka kwa kuuma na kusaga meno.

Kwa bahati mbaya wengine walikimbilia kisu. Miaka ya 1980 wagonjwa wengi Marekani waliwekewa vipandikizi vya Teflon katika kiungo hicho. Vikavunjikavunjika na kuula mfupa, mpaka mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikatoa tahadhari rasmi mwaka 1991. Kuna waliopasuliwa mara nyingi na bado hawakupona.

Leo madaktari wengi huanza na chakula laini, kitambaa cha moto, mazoezi mepesi ya taya, dawa ya maumivu, na kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku kwa anayesaga meno. Wanafunzi wanaokaza meno wakati wa mitihani wajiangalie. Wagonjwa wengi hupata nafuu bila upasuaji. Ila taya likiteguka na mdomo ukabaki wazi, mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo, msimvutevute nyumbani.

Wabillahi tawfiq.