"Hatuna pesa": uzi kuhusu migomo na bajeti zinazokatwa

Wadau, mdahala wowote wa siasa Kenya siku hizi hufika mahali pamoja. Mmoja anasema madaktari na walimu wanaogoma wametumwa. Wa pili anajibu kwamba serikali haina utu. Wa tatu, mwenye tai, anafunga mjadala: hatuna pesa.

Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, na uzi huu ni wa kueleza kauli ya huyo wa tatu ilitoka wapi. Sitataja mwanasiasa wala chama, maana kila utawala umeitumia, na ukitaja jina moja tu watu wanaacha hoja wanaanza kurushiana matusi. Twende.

Kwanza, hii kitu haikuanza 2024. Mwaka 1980 Kenya ilikuwa kati ya nchi za kwanza Afrika kusini mwa Sahara kupewa mkopo wa Benki ya Dunia wa kurekebisha uchumi. Bei nzuri ya kahawa ya 1976 na 1977 ilikuwa imeisha, mafuta yamepanda, na serikali ilikuwa inatumia kuliko inavyokusanya. Masharti yalikuwa rahisi kusoma, magumu kuishi nayo: punguza matumizi, punguza wafanyakazi wa serikali, mwananchi achangie gharama za huduma. Utekelezaji ulisuasua miaka mingi. Waraka wa Bunge Nambari 1 wa 1986 ndio ulioweka lugha hiyo rasmi kwenye sera yetu wenyewe. Baada ya hapo mambo yalianza kumfikia mama mboga.

"Kuchangia gharama." Ukisikia hivyo unadhani ni harambee. Maana yake halisi ni kwamba pesa iliyokuwa inatoka Hazina sasa inatoka mfukoni mwako. Bajeti inaonekana imepungua, lakini gharama haijapungua hata shilingi. Imehama tu.

Hospitali ndizo zilizotangulia. Desemba 1989 ada zilianza kutozwa kwenye hospitali na vituo vya afya vya serikali. Watafiti walikuwa wakihesabu wagonjwa katika kliniki moja ya Nairobi iliyotibu magonjwa ya zinaa, na hesabu yao imebaki kichwani mwangu tangu niisome: wanaume waliofika walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, wanawake hadi asilimia 65. Kumbuka huo ndio wakati UKIMWI ulikuwa unasambaa, na ugonjwa wa zinaa usiotibiwa hurahisisha maambukizi ya HIV. Ada ikasitishwa mwaka 1990, ikarudishwa kwa awamu kuanzia 1992. Hakuna aliyeandamana kwa ajili ya kliniki hiyo, na hilo nataka mlishike. Mgonjwa hana chama cha wafanyakazi. Anabaki nyumbani tu.

Wanafunzi wao walikuwa na sauti. Hadi wakati huo, mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma alisomeshwa, akalishwa, na bado akapewa posho, ile bumu ambayo wazee wetu wanaisimulia kama hadithi ya Edeni. Mwaka 1991 posho ikaondolewa na karo ya shilingi 6,000 kwa mwaka ikaja. Chakula kikawa cha kulipia kila sahani. Vyuo vikuu vya umma vilikuwa vinne tu: Nairobi, Moi, Kenyatta na Egerton. Wanafunzi wakagoma, vyuo vikafungwa, watu wakarudishwa nyumbani. Waulizeni wajomba zenu kuhusu enzi hizo, kupiga ripoti kwa chifu kama mhalifu wakati unasubiri kuitwa tena darasani. Karo haikuondolewa. HELB ikaundwa kwa sheria ya 1995, na leo wengi wetu tunamaliza digrii tukiwa na deni. (Nami pia nimo humo, msinicheke.)

Sasa nimtendee haki yule mwenye tai. Upungufu wa pesa miaka ile ulikuwa wa kweli. Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris na kusimamisha sehemu ya misaada. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya 1991 hadi 1993, Hazina ilikuwa inalipa fidia kwa mauzo ya dhahabu na almasi ambayo hayakuwepo. Nchi yenye dhahabu kidogo na isiyochimba almasi! Ndiyo Goldenberg. Ukichanganya hiyo na pesa zilizochapishwa wakati wa uchaguzi wa 1992, unaelewa kwa nini mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 46 mwaka 1993. Kwa hiyo mtu akikuambia hatuna pesa, swali la pili ni rahisi: zilienda wapi?

Asilimia 46 ina maana mshahara wa daktari au mhadhiri ulikuwa unayeyuka akiwa bado anauhesabu. Wahadhiri wakagoma kuanzia mwishoni mwa 1993 hadi 1994, madaktari wakagoma 1994. Wote walidai kitu kimoja kabla hata ya mshahara: kusajiliwa kwa chama chao. Walikataliwa. Chama cha wahadhiri, UASU, kilikuja kusajiliwa 2003, na kile cha madaktari, KMPDU, 2011, baada ya Katiba mpya kuweka haki ya kugoma kwenye kifungu cha 41. Anayesema migomo imezidi tangu 2010 anasahau kwamba miaka ile ya 1993 na 1994 mhadhiri na daktari waligoma bila chama kilichosajiliwa, na barua ya kufutwa ikiwangojea.

Tuje kwa walimu, maana hapa ndipo mbinu yenyewe inaonekana vizuri. Oktoba 1997, miezi miwili hivi kabla ya uchaguzi mkuu, walimu wa KNUT waligoma. Uchaguzi ukikaribia, pesa huwa hazikosekani. Serikali ikakubali nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa awamu tano, ikachapishwa kwenye gazeti rasmi. Awamu ya kwanza ikalipwa. Uchaguzi ukapita. 1998 wakaambiwa haiwezekani, wakagoma tena Oktoba, na safari hii wakarudi darasani mikono mitupu. Utawala uliokuja 2003 ndio uliokubali kulipa zilizobaki kidogo kidogo.

Lakini kilichonishtua niliposoma kipindi hicho ni jambo ambalo halikuleta mgomo wowote. Mwaka huo huo wa 1998, ajira ya walimu ilisimamishwa. Kabla ya hapo ukimaliza chuo cha ualimu ulipangiwa shule. Baada ya hapo, kwa miaka, nafasi zilijazwa tu pale mwalimu alipostaafu, kufariki au kuacha kazi. Shangazi yangu alimaliza chuo kipindi hicho. Aliuza mitumba miaka saba akiwa na cheti chake ndani ya sanduku la bati. Hakuna aliyemfuta kazi, kwa hiyo hakuwa na wa kumshtaki.

Kisha 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, na watoto karibu milioni 1.3 zaidi wakaingia shuleni. Jambo jema sana, mimi mwenyewe ni tunda lake. Ila walimu hawakuongezwa kwa kiasi hicho. Pengo likazibwa na mwalimu wa bodi, analipwa na mzazi. Tumerudi pale pale: gharama imehama.

Ndiyo maana nawaambia msitafute upunguzaji wa matumizi kwenye hotuba ya bajeti peke yake. Utafuteni kwenye nafasi ambazo hazijatangazwa na mikataba ambayo haijalipwa. Na kwenye neno "mwanagenzi."

Angalia madaktari. Mkataba wa CBA ulitiwa saini 2013. Haukutekelezwa. Desemba 2016 wakagoma, siku 100 kamili, viongozi wao saba wakalala jela kwa kudharau amri ya mahakama kabla ya Mahakama ya Rufani kuwaachilia. Wakarudi kazini Machi 2017 kwa mkataba mwingine. Machi 2024 wanagoma tena, siku 56, na moja ya hoja kubwa ni kwamba daktari mwanagenzi, ambaye mkataba ule wa 2017 ulimpa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, sasa anaambiwa apokee 70,000. Sababu? Mnaijua.

Wiki chache baadaye ikaja Juni 2024. Watu wanasema yale yalikuwa maandamano ya kodi, si ya bajeti. Hesabu haiachani hivyo. Mswada wa fedha ulilenga kukusanya takriban shilingi bilioni 346. Vijana wakaingia barabarani, wengine hawakurudi nyumbani, mswada ukaondolewa. Siku kumi hivi baadaye ikatangazwa kwamba matumizi yatakatwa kwa bilioni 177 na zilizobaki, 169, zikopwe. Yaani pengo lile lile, sehemu moja ikahamia kwenye huduma na nyingine kwenye deni.

Kwa hiyo kwenye mdahala ujao, mtu akisema tukate matumizi, muulize mambo mawili kabla ya kumpigia makofi. Anakata fungu gani, kwa jina? Na huduma hiyo ikikatwa, nani atailipia? Akijibu "ufujaji" bila kutaja fungu, hajajibu. Anayesema tulipe wote wanaogoma bila kuonyesha pesa itatoka wapi naye hajajibu, hata kama tunampenda.

Kama mzazi wako alikuwa chuoni 1991 au alikuwa mwalimu 1997, mwulize kisha uandike hapa chini alichosema. Uzi ujao ni wa deni la taifa: tunadaiwa na nani, na kwa nini riba inakula kabla ya hospitali.