Pipeti: kutoka mdomoni hadi kwenye dole gumba

Kaburi la Joseph Everett Dutton liko Maniema, mashariki mwa Kongo. Daktari huyo Mwingereza alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30, kwa homa ya papasi, homa ileile aliyokuwa akiichunguza pamoja na mwenzake John Todd. Kijidudu cha homa hiyo kikapewa jina la Dutton. Kuanzia hapo mkoa wetu una sehemu yake katika historia ya maabara, na katika hatari zake.

Zama hizo damu ilivutwa kwa mdomo. Mpimaji alitia mpira mwembamba midomoni, akanyonya taratibu hadi damu ifike kwenye alama ya pipeti, mrija wa kioo wa kupimia. Akizidisha pumzi kidogo tu, imemfika kinywani. Huko Ufaransa, mwaka 1893, daktari mmoja aliambukizwa homa ya matumbo kwa njia hiyo. Hata hivyo, kazi iliendelea vilevile kwa miongo kadhaa.

Aliyeleta njia ya kuikomesha ni Heinrich Schnitger, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Marburg, Ujerumani. Kunyonya sampuli kutwa kulimchosha, na mwaka 1957 akaunda kifaa chenye pistoni, springi na ncha ya plastiki inayotolewa. Uzuri wa kazi yake ni hewa kidogo iliyobaki kati ya pistoni na kimiminika: damu haigusi chuma, ncha hutupwa, na kifaa hubaki safi. Kampuni ya Eppendorf ikaanza kukiuza mwaka 1961. Schnitger mwenyewe alizama ziwani mwaka 1964, kabla dunia haijajua deni lake kwake. Miaka ya mwanzo ya 1970, Warren Gilson wa Wisconsin, Marekani, alitoa pipeti ambayo mtumiaji hurekebisha kipimo chake mwenyewe. Mwaka 1983, mwongozo wa usalama wa maabara wa Shirika la Afya Duniani ulikataza kabisa kunyonya kwa mdomo.

Mdomo ukapona, mzigo ukahamia mkononi. Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 1994 kwamba wapimaji wanaotumia pipeti zaidi ya saa 300 kwa mwaka huumwa zaidi mikono na mabega. Tangu hapo watengenezaji wakapunguza uzito, wakalegeza springi, wakaweka ndoano ya kuegemea kidole, na wakatengeneza ncha isiyohitaji kugongwa ili ikae.

Kwa Pangi, hapa Maniema, jambo hili si anasa. Tuchukue malale, ugonjwa unaojulikana sana Maniema. Tone la damu huchanganywa na dawa kwenye kadi, likazungushwa dakika tano. Likionyesha dalili, majimaji ya damu (plasma) huzimuliwa nusu kwa nusu mara kadhaa, na kila hatua ni kubonyeza pipeti upya. Wanakijiji wakipanga foleni siku ya upimaji, dole gumba la mtu mmoja ndilo linalobeba wote. Likichoka, kipimo huyumba, na mgonjwa anaweza kurudishwa nyumbani bila tiba.

Pipeti za betri zipo, lakini kwa vituo vyenye umeme wa kubahatisha naona ile nyepesi ya mkono inafaa zaidi. Ninyi mnaoagiza vifaa vya labo za Pangi, Kalima na Kindu, msiangalie bei peke yake. Waiteni wapimaji, waishike, waibonyeze, kisha wao ndio waseme ipi inunuliwe.