Baiti Mbili za Bure

Ruta tuliyokuwa nayo Kiunga ilikuwa kuukuu, ishapita mikono ya watu kabla ya kutufikia. Usiku mmoja intaneti ilijikokota mpaka nikaamua kuisoma Linux yenyewe, nimjue mchawi. Mchawi sikumpata. Nilipata namba moja, 2, chini ya jina NET_IP_ALIGN: baiti mbili ambazo draiva huziacha tupu mbele ya kila pakiti inayoingia.

Za nini sasa? Jibu linaanzia Septemba 1980, Digital, Intel na Xerox zilipotoa kanuni za Etheneti. Fremu ianze na baiti 6 za anwani ya mpokeaji, 6 za mtumaji, 2 za aina ya mzigo. Jumla 14. Mwaka 1981 ikaja kanuni ya IP, iliyopangwa kwa mafungu ya baiti 4, na anwani ya mtumaji imekaa kwenye 12. Ibandike nyuma ya zile 14, anwani inaangukia 26. Na 26 haigawanyiki kwa 4.

Kuna prosesa zisizovumilia hilo. SPARC hugoma. MIPS, iliyojaa kwenye ruta za bei nafuu, husimama ikaiachia kerneli imalizie kazi, na muda unapotea. Ndiyo draiva ikasogeza kila kitu baiti mbili: 26 ikawa 28, mambo yakakaa sawa. Lakini chipu nyingine za mtandao hukataa kuandika penye kusogezwa. Hapo lazima pakiti inakiliwe upya, au uvumilie mwendo wa kobe.

Prosesa za Intel za leo hazijali, kwa hivyo Linux iliwawekea wao 0. Mwenye kompyuta mpya hajui hata kama kulikuwa na deni. Linalipwa bado na kifaa kikuukuu, huku mwisho wa njia, karibu na mpaka wa Somalia.

Wabajuni wa pwani hii walijulikana kwa mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi. Ubao mmoja mzuri, wa pili mzuri, lakini matundu yasipoelekeana hushoni kitu. Waliochagua 14 hawakukosea, wala waliochagua 4. Ila hawakupimiana matundu, na miaka zaidi ya arobaini baadaye bado tunaziba pengo.

Ruta niliizima, nikaiwasha tena. Ikajikokota vilevile. Safari hii sikuitukana.