Nakala Rudufu za Mtandaoni: Kinga ya Taarifa za Biashara

Nakala rudufu ni nakala ya taarifa inayotunzwa mahali pengine ili itumike endapo ile ya awali itapotea. Kwa mfanyabiashara, taarifa hizo ni pamoja na hesabu, orodha ya wadaiwa, mikataba na kumbukumbu za mauzo. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu zake kwa miaka 5. Kumbukumbu zilizomo katika kompyuta moja zinaweza kutoweka kwa siku moja kwa wizi, moto au hitilafu ya umeme.

Huduma ya mtandaoni hupeleka mafaili kwa njia ya intaneti hadi katika kituo cha kuhifadhi data. Hata hivyo, kituo nacho hupatwa na majanga. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza kituo cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja walipoteza taarifa moja kwa moja, kwa kuwa nakala zao rudufu zilikuwa katika eneo hilohilo.

Kanuni ya 3-2-1

Kanuni hii inaelekeza kuwa na nakala 3, katika vifaa vya aina 2, huku 1 ikiwa nje ya eneo la biashara. Diski ya ofisini bado ina umuhimu: Mei 2024, kukatika kwa nyaya za baharini za EASSy na Seacom kulizorotesha intaneti Tanzania na nchi jirani.

Mambo ya kuzingatia

Kuoanisha mafaili si sawa na kuyawekea nakala rudufu. Faili likifutwa au kufungwa na programu hasidi zinazodai fidia, badiliko hilo huenea hadi mtandaoni. Chagua huduma inayotunza matoleo ya awali, na ulinde akaunti kwa nywila imara na uthibitishaji wa hatua mbili.

Taarifa za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, yenye masharti kuhusu kuzisafirisha nje ya nchi. Kabla ya kujiunga, uliza seva ziko wapi.

Mwisho, jaribu kurejesha mafaili machache mara kwa mara. Nakala isiyowahi kujaribiwa haina uhakika wa kufunguka siku itakapohitajika.