Cheti cha Fundi wa Mawasiliano

Serikali ya Malawi ilipohamishia makao yake makuu Lilongwe mwaka 1975, fundi wa simu katika ofisi za City Centre alishughulika na nyaya na swichibodi. Siku hizi sauti na picha hupita pamoja katika mtandao wa kompyuta, na cheti cha fundi anayeanza hakikutulia. Kampuni ya Cisco ya Marekani ilianzisha cheti cha sauti mwaka 2008. Cha video kikafuata. Mwaka 2015 vyote viwili vilipisha kimoja. Tarehe 24 Februari 2020 hicho nacho kilifutwa, kikabaki cheti kimoja cha mitandao yote, chenye muda wa miaka mitatu.

Askari wa mawasiliano, mwenye kikosi cha kumsomesha, huenda asione uzito wake. Yuko Mkongo au Mrundi wa Dzaleka, gereza la zamani la wafungwa wa siasa lililogeuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. City Centre iko zaidi ya kilometa 40, na mwaka 2023 serikali ilianza kuwarudisha kambini wakimbizi waliokaa mjini. Mwaka 2020 mwenye cheti kilicho hai alipewa kipya. Ambaye muda wake ulikwisha alitakiwa kufanya mtihani upya.