Kwa Nini Reli Haikupanda Shume

Sisi wa Malindi ya Lushoto tumezoea kueleza kwamba kwetu hakuna bahari. Kuna mlima, nao hufundisha jambo ambalo kila aundaye roboti atakutana nalo: nguvu ya kuvuta haimo kwenye mota peke yake. Inaamuliwa pale gurudumu linapogusa ardhi.

Wajerumani walianza kujenga reli Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo 1905. Juu, katika misitu ya Shume, kulikuwa na mitarakwa ambayo kampuni ya Wilkins & Wiese iliitaka kwa mbao. Mbona reli haikuifuata?

Nimepiga hesabu. Chukua kichwa cha treni cha tani 20, uzito wote ukikalia magurudumu yanayoendeshwa na injini. Chuma kikavu juu ya chuma hushika kwa takriban robo ya uzito: kitavuta kwa nguvu ya tani 5, hata ukikifunga injini kubwa kiasi gani. Ukizidisha, magurudumu yanazunguka bure. Sasa, kutoka Mkumbara hadi Shume ni kupanda karibu mita 1,500 kwa njia ya kilomita 9, yaani mita 1 katika kila 6. Kujipandisha chenyewe tu, kichwa kinahitaji tani 3.3. Mvua ikilowesha reli na mshiko ukashuka hadi asilimia 15, zinabaki tani 3. Kitateleza hata bila behewa.

Wangeweza kuizungusha reli kwa kona nyingi. Badala yake, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya Bleichert ya Leipzig ilitandaza kamba za chuma angani. Vigari vilining'inia kwenye kamba moja, vikivutwa na nyingine. Mzigo ulioshuka ukasaidia kupandisha vigari vitupu. Msuguano haukutoweka. Ulihamia kwenye vibanio vilivyoibana kamba, mbali na tope.

Ufundi huo haukuwaondolea watu mzigo. Miaka hiyo hiyo, katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, wanaume walipewa kadi zilizowalazimu kuwafanyia Wazungu kazi siku 30 katika kila miezi 4. Mlima ulipimwa kwa makini, ukatafutiwa njia isiyoushindanisha na mashine. Msambaa hakupimiwa hivyo, alipewa kadi.

Kwa hiyo roboti yako ikizungusha magurudumu bila kusogea, usikimbilie mota kubwa zaidi. Yavishe mpira, uhamishie uzito juu ya yale yanayovuta. Kisha uliza ni nani ataisukuma itakapokwama.