Paka wa Manyoya Machache: Kutoka Pwani hadi Baraka

Historia ya paka wa nyumbani katika mji wa Baraka na vijiji vya eneo la Fizi, kwenye mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, haitenganiki na historia ya panya, kwa kuwa mnyama huyu alifugwa kwanza ili alinde nafaka, mihogo mikavu na ndagala, yaani dagaa wa ziwani wanaoanikwa juani kisha kutiwa magunia. Hata hivyo, swali la familia inayotafuta paka wake wa kwanza, kwamba ni yupi asiyenyonyoka manyoya ovyo, lina mizizi mirefu kuliko inavyodhaniwa, na mizizi hiyo haikuanzia Ulaya.

Paka wafugwao wametokana na kimburu, paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, na kaburi moja la kisiwa cha Kipro, ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu, lina umri wa miaka ipatayo 9,500. Panya mweusi naye aliletwa pwani ya Afrika Mashariki na vyombo vya Bahari ya Hindi, na mifupa yake imefukuliwa Unguja Ukuu, kisiwani Unguja, katika tabaka za milenia ya kwanza baada ya Kristo. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa iliiunganisha pwani hiyo na Ujiji, bandari ya mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kupitia Tabora. Mwezi Machi 1858 msafiri Mwingereza John Speke alivuka ziwa hadi kisiwa cha Kasenge kuomba jahazi la mfanyabiashara Hamid bin Sulayyim, na mwezi uliofuata yeye na mwenzake Richard Burton walipita rasi ya Ubwari kwa mitumbwi wakielekea Uvira. Baadaye, katika miaka ya 1880, Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, aliitawala biashara ya sehemu ya kaskazini ya ziwa kutoka Ujiji. Pamoja na bidhaa, watu wa pwani waliokuwa katika misafara hiyo walikuja na Uislamu, hasa wa madhehebu ya Shafii, na hapo ndipo suala la manyoya linapopata uzito ambao waandishi wengi wa mambo ya paka hawauoni.

Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za ibada na maisha, paka ni tohara: Hadithi iliyopokewa kwa Abu Qatada humhesabu miongoni mwa wanaozunguka zunguka nyumbani mwa watu, na maji aliyoyanywa hayanajisiki kwa sababu ya kinywa chake. Wanazuoni wa Kishafii, lakini, waliweka tofauti, kwamba unywele uliotengana na mnyama hai asiyeliwa ni najisi, ingawa kiasi kidogo husamehewa kwa kuwa ni vigumu kukiepuka. Kwa hiyo mkeka wa kuswalia ulipaswa kukung'utwa, na paka mwenye kunyonyoka kidogo alikuwa na faida ambayo mwenye nyumba angeweza kuieleza kwa hoja za sheria, karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuuza paka kwa sifa hiyo.

Ulaya ilichelewa. Maonyesho makubwa ya paka yaliyoandaliwa na Harrison Weir katika Crystal Palace, London, yalifanyika 1871, mwaka ambao wasafiri Livingstone na Stanley walikuwa wakisafiri kwa mtumbwi katika Ziwa Tanganyika hadi mdomo wa mto Ruzizi, na tangu hapo paka wakaanza kugawanywa kwa uzao, yaani kundi linalozalishwa kwa makusudi ili lihifadhi umbo na manyoya ya namna moja. Afrika Mashariki iliingia katika orodha hiyo kupitia msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya, ambako Wagiriama walimfahamu paka wa mabaka waliyemwita kadzonzo. Mwaka 1978 Jeni Slater, aliyekuwa na shamba karibu na Watamu, aliwachukua watoto wa paka huyo, baadhi ya kizazi chao wakapelekwa Denmaki katika miaka ya 1980, na mashirika ya Ulaya yakamtambua kwa jina la Sokoke katika muongo uliofuata. Uchunguzi wa vinasaba umemweka karibu na paka wa kawaida wa Lamu, jambo linaloonyesha kwamba sifa yake kuu, manyoya mafupi yaliyolala mwilini bila sufi nyingi ya ndani, haikubuniwa na wafugaji wa Ulaya.

Sufi hiyo ni tabaka laini chini ya manyoya ya juu, nayo ndiyo hujaza nyumba vinyweleo. Katika nchi za baridi kunyonyoka huongozwa na kurefuka na kufupika kwa mchana, ilhali Baraka, iliyo nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, mchana wake haubadiliki sana, hivyo kichocheo kikubwa cha msimu wa kupukutika hakipo. Anayechagua mtoto wa paka sokoni humpapasa mgongoni kinyume cha manyoya, akayafunua kwa vidole: ngozi ikionekana upesi, sufi ni haba, vidole vikizama katika utando mzito wa kijivu, mkeka utahitaji ufagio kila siku. Kipimo hiki hakimsaidii mwenye pumu au mzio, kwa kuwa kinachomdhuru ni protini iliyomo katika mate na tezi za ngozi ya paka, ambayo hata paka asiye na manyoya kabisa huwa nayo.